Jicho la ghala liwekwe mlangoni, si ukutani pekee

Kila ifikapo Oktoba, barabara za ukanda wa Makote, kuanzia Masasi kwenye milima ya mawe hadi Newala ukingoni mwa uwanda wa Makonde, hujaa malori yaliyosheheni magunia ya korosho. Mkulima aliyehangaika na salfa tangu katikati ya mwaka, akaokota, akaanika na kuchambua, huufikisha mzigo wake kwenye chama cha msingi. Unapimwa, anapewa stakabadhi, anarudi nyumbani. Kuanzia hapo mali yake inalala mahali ambapo yeye mwenyewe haingii apendavyo, inalindwa na mtu ambaye hakumwajiri, nyuma ya mlango ambao hajawahi kuushika ufunguo wake.

Ndiyo maana ulinzi wa ghala si jambo la mtunza ghala na mlinzi peke yao. Ni jambo la kila mwenye stakabadhi. Vifaa vya ulinzi vinavyotumia miale ya infraredi vimekuwa vya kawaida katika maduka ya vifaa vya umeme, na si ajabu tena kwa uongozi wa chama kuleta pendekezo la kuvinunua. Kabla ya kunyoosha mikono kuidhinisha fedha, wanachama wanapaswa kuuliza maswali mawili: kifaa hicho kinamwona nani, na taarifa yake inamfikia nani?

Maswali hayo ni muhimu kwa sababu vifaa hivi kwa kawaida hufungwa kuzunguka ukuta au uzio, kwa nia ya kumnasa mwizi anayekuja usiku. Nia hiyo si mbaya. Lakini gunia la korosho ni zito, lina kilo 80, na haliruki ukuta kwa urahisi. Gunia hutoka kwa njia lililoingilia, yaani mlangoni. Chama kinachoweka jicho la ukutani na kuuacha mlango bila jicho kimelinda upande mmoja tu wa mali ya wakulima.

Mali iliyo nyuma ya kufuli

Mfumo wa stakabadhi za ghala umejengwa juu ya Sheria Namba 10 ya mwaka 2005, na korosho za Mtwara ndizo zilizoutangulia katika msimu wa 2007/08. Kiini chake ni rahisi kueleweka. Mzigo unawekwa kwenye ghala lenye leseni, mwendesha ghala anatoa hati inayotaja kiasi na daraja la mzigo, na hati hiyo ndiyo inayotumika mnadani. Vyama vya msingi hukusanya, na vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa upande wa Tandahimba na Newala, husimamia minada.

Thamani ya hati hiyo inategemea jambo moja tu: kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichopo ghalani. Siku karatasi inaposema magunia 500 na ghala likawa na 490, mnunuzi anayekwenda kuchukua mzigo wake hatapokea maelezo badala ya korosho. Mtu atalipa. Sheria inamwajibisha mwendesha ghala, lakini upungufu uliotokea kabla ya mzigo kufika ghala kuu, kwenye ghala la kijijini, huangukia chama cha msingi, na chama cha msingi hakina mfuko mwingine zaidi ya ule wa wanachama.

Ukubwa wa mali yenyewe unaweza kupimwa kwa hesabu ya kawaida. Novemba 2018, baada ya wanunuzi kutoa bei zilizoonekana kuwa ndogo, Serikali ya Rais John Magufuli iliamua kununua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Kwa kutumia bei hiyo kama kipimo, gunia moja la kilo 80 ni Sh264,000. Ghala lenye tani 1,000 lina magunia 12,500, na ndani yake kuna Sh3.3 bilioni. Asilimia moja tu ya mzigo huo ni magunia 125, sawa na Sh33 milioni. Hakuna duka la Masasi mjini wala la Newala ambalo mwenyewe angeacha mali ya kiasi hicho ilindwe kwa kufuli moja na tochi.

Kifaa chenyewe kinafanyaje kazi

Miale ya infraredi haikuvumbuliwa jana. Mwaka 1800, mwanaastronomia William Herschel akiwa Uingereza alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Aligundua kwamba joto lilikuwa kubwa hata pale palipopita rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Mwanga huo usioonekana ndio unaotumika leo kwenye rimoti ya televisheni. Anayetaka kuushuhudia aielekeze rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe. Kwa simu nyingi, taa ndogo iliyo mbele ya rimoti itaonekana ikimeta kwenye kioo cha simu ingawa macho matupu hayaioni.

Kifaa cha ulinzi kina sehemu mbili. Moja inarusha mwale, nyingine iko upande wa pili inaupokea. Mwale ukifika, kila kitu ni shwari. Mtu akipita katikati, mwale unakatika, na kifaa kinapeleka ishara kwenye king'ora, taa, au kisanduku chenye laini ya simu kinachotuma ujumbe. Mwale haurushwi mfululizo bali kwa mapigo ya haraka yenye mpangilio maalumu, na kipokeaji kinautambua mpangilio huo. Kwa hiyo mwizi hawezi kukidanganya kwa kukimulika na tochi.

Ipo aina nyingine ambayo haina mrushaji. Yenyewe hukaa kwenye kona ya chumba ikisubiri joto la mwili wa mtu anayetembea. Aina hiyo ni rahisi na inafaa ofisini au dukani. Kwenye ghala la bati huko Masasi mwezi Novemba, ambako hewa ya ndani inaweza kukaribia joto la mwili wa binadamu, uwezo wake hupungua, kwa sababu inachotafuta ni tofauti ya joto na tofauti hiyo haipo. Popo na panya nao huweza kuisumbua. Kwa ghala la korosho, aina yenye mrushaji na mpokeaji ndiyo ya kufikiria kwanza.

Matumizi yake hayaishii kwenye wizi. Mwale huohuo ukiwekwa kwenye geti linalojifunga kwa mota huzuia geti lisimbane mtu au gari. Ukiwekwa kwenye mkanda wa kusafirishia mizigo huhesabu mizigo inayopita. Ikiwekwa miale miwili mlangoni, mmoja nyuma ya mwingine, kifaa hutambua kama mtu ameingia au ametoka, kwa kuangalia ni mwale upi uliokatika kwanza. Uwezo huu wa mwisho ndio unaowahusu zaidi wakulima wa Makote, na ndio ambao muuzaji mwenye haraka anaweza asiueleze.

Vumbi, ukungu na mbuzi

Kabla ya kufika huko, ni vyema ikaeleweka kwamba kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya uzio wa nyumba ya mjini hakitafanya kazi kijijini bila maandalizi. Kwenye vijiji vya uwanda, msimu wa korosho ni msimu wa vumbi, na Newala, kwa kuwa iko juu, hupata ukungu asubuhi. Vumbi na ukungu hupunguza nguvu ya mwale. Kama umbali kati ya nguzo ni mita 50, ni busara kununua kifaa chenye uwezo wa mita 100 ili kiwe na akiba ya nguvu.

Buibui hupenda kutanda mbele ya kioo cha kifaa, na sisimizi hupenda kuhamia ndani yake. Kinachohitajika hapo ni kitambaa kikavu na mtu mwenye jukumu la kufuta kila wiki. Nguzo za kufungia ziwe za zege au za chuma zilizokitwa ardhini, si mti hai wala boriti inayopinda kwa mvua, kwa sababu kusogea kidogo tu kwa nguzo kunaupeleka mwale pembeni. Kipokeaji kisitazame moja kwa moja jua linakochomoza wala linakozama.

Kuna pia mbuzi, mbwa na kuku. Mwale ukiwekwa chini sana, kila mbuzi anayepita atapiga king'ora, na baada ya usiku wa tatu mlinzi atakizima. King'ora kilichozimwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana wanachama wanaamini wanalindwa kumbe hawalindwi. Dawa yake ni vifaa vyenye miale miwili au minne inayopaswa kukatika kwa pamoja ndipo ishara itoke, na fundi akipange kisihesabu kitu kinachopita kwa kasi kama jani au ndege, bali kinachokata mwale kwa muda ambao mwili wa mtu hukata.

Umeme nao usisahaulike. Ulinzi unaotegemea waya wa mtaani peke yake hulala usingizi kila umeme unapokatika, na mwizi anajua hivyo. Vifaa hivi vingi hutumia umeme mdogo wa volti 12, ambao betri na sola ya kawaida vinaumudu. Fundi aulizwe pia swali moja ambalo jibu lake linatenganisha kazi nzuri na kazi mbovu: waya ukikatwa, nini kitatokea? Jibu sahihi ni kwamba king'ora kitalia. Kama jibu ni kwamba mfumo utanyamaza, fundi atafutwe mwingine.

Unyaukaji na upotevu

Baada ya hayo yote, bado mwizi wa ukutani si hofu kubwa kuliko zote. Hofu kubwa ni upungufu ambao hakuna anayeweza kusema umetokana na nini. Kila mkulima aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa chama amelisikia neno unyaukaji. Korosho zimepimwa kijijini zikiwa na uzito fulani, zimepimwa tena ghala kuu zikiwa pungufu, na maelezo ni kwamba zimekauka.

Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, na ni vyema wakulima wakajua ukubwa wa ukweli huo. Korosho zenye unyevu wa asilimia 12 zikikauka hadi asilimia 10, kila kilo 100 hubaki kilo 97.8. Gunia la kilo 80 hubaki na takriban kilo 78.2. Hakuna aliyeiba, maji yametoka tu. Lakini katika ghala lenye tani 1,000 upungufu huo ni zaidi ya tani 22, na kwa bei ya Sh3,300 ni zaidi ya Sh73 milioni. Hicho ni kiasi kinacholingana na zaidi ya magunia 270.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Kama upungufu halali unaweza kufikia kiasi hicho, basi magunia 50 yaliyotoka kinyemela yanaweza kufichwa ndani ya neno unyaukaji bila mtu kushtuka. Mzigo ukikaa ghalani muda mrefu, kama ilivyokuwa kwa korosho nyingi zilizonunuliwa na Serikali msimu wa 2018/19, pazia hilo huzidi kuwa nene. Nazo korosho zilizotoka kinyemela hazikosi soko. Mnunuzi wa kangomba, ambaye hujipatia korosho za wakulima wenye shida nje ya mfumo, haulizi stakabadhi.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo unyaukaji hauwezi kulifanya. Korosho zikikauka, gunia huwa jepesi, lakini gunia halipotei. Magunia 12,500 yaliyokauka bado ni magunia 12,500. Kwa hiyo ghala lenye hesabu mbili zinazojitegemea, moja ya uzito na nyingine ya idadi ya magunia, linaweza kutofautisha maji na mwizi. Uzito ukishuka na idadi ikabaki ileile, mkutano uzungumzie unyevu, jinsi wakulima wanavyoanika na kama mizani ilikuwa sahihi. Idadi ikishuka, mkutano uzungumzie ufunguo.

Mlango useme ukweli

Hesabu ya idadi ndiyo kazi ambayo miale ya infraredi inaweza kuisaidia, lakini kwa namna inayopaswa kuelezwa bila kupamba. Mwale hauoni korosho. Unaona kwamba kitu kimepita. Mbeba mizigo akitoka na gunia mgongoni, kifaa kinahesabu moja. Akirudi mikono mitupu kuchukua lingine, kinahesabu moja ya kuingia. Karani akipita kwenda kunywa maji, naye anahesabiwa. Anayedai kwamba kifaa hiki peke yake kitatoa idadi kamili ya magunia mchana wa kupakia lori anauza maneno.

Kinachowezekana ni hiki. Wakati wa kupakia au kupakua, ghala litumie mlango mmoja tu wenye miale miwili, na wabeba mizigo peke yao ndio wapite hapo. Karani aendelee kuandika kwenye daftari kila gunia linalopita, kama siku zote. Jioni hesabu ya kifaa ilinganishwe na ya daftari. Zikikaribiana, sawa. Zikiachana kwa magunia 20, kuna maswali ya kujibu siku hiyohiyo, lori likiwa bado halijafika mbali. Kifaa hapa ni shahidi wa tatu, baada ya karani na mizani, na ni shahidi asiye na ndugu wala rafiki.

Faida kubwa zaidi iko nyakati ambazo ghala limefungwa. Usiku, sikukuu, na siku ambazo hakuna mzigo uliopangwa kutoka, hesabu sahihi ya mlangoni ni sifuri. Haihitaji hesabu ngumu wala mtaalamu. Kama kifaa kimeandika kwamba mlango ulipitwa mara 14 kati ya saa saba na saa nane usiku wa Jumapili, hakuna unyaukaji unaoweza kueleza hilo. Kwa namna hii kifaa kinatoka kuwa king'ora tu na kuwa daftari la mlango: nani mwenye ruhusa aliingia, saa ngapi, kwa kibali gani, na je, saa hizo zinalingana na hati za kutolea mzigo?

Jambo hili lina uzito kwa maghala makubwa yenye milango mingi. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Masasi na Newala zikiwemo, vilisimama kazi, na majengo ya namna hiyo yamewahi kugeuzwa maghala. Jengo lililokusudiwa kuingiza wafanyakazi wengi lina njia nyingi kuliko zinazohitajika kwa kutunza mzigo. Kila mlango usiotumika ufungwe kabisa kwa matofali au kwa kuchomelewa, ndipo jicho liwekwe kwenye mlango uliobaki. Kuweka kifaa kwenye kila mlango ni gharama isiyo na sababu.

Mipaka ya kifaa nayo ikumbukwe. Msimu wa 2017/18, wanunuzi wa Vietnam walilalamika kukuta kokoto ndani ya magunia ya korosho kutoka Tanzania. Mwale wa mlangoni ungeyahesabu magunia hayo kuwa kamili. Idadi ilikuwapo, hata uzito ulikuwapo, kilichokosekana ni uaminifu wa aliyejaza gunia. Kwa hiyo ukaguzi wa sampuli, uchambuzi wa daraja na sili kwenye magunia haviwezi kuachwa kwa sababu tu ghala limepata vifaa vya kisasa.

King'ora kinamwita nani?

Swali la pili ambalo wanachama wanapaswa kuuliza ni taarifa inakwenda kwa nani. Mfumo unaopiga king'ora kwenye kibanda cha mlinzi peke yake una kasoro iliyo wazi: kama mlinzi ndiye aliyefungua mlango, king'ora kimemwamsha mwizi. Kama mtunza ghala ndiye mwenye namba ya siri ya kuzima mfumo na ndiye anayefuta kumbukumbu zake, basi wanachama wamemnunulia mtunza ghala kifaa cha kujilinda yeye, si cha kuilinda korosho.

Visanduku vya kutuma ujumbe kwa simu si vya kifahari tena. Ujumbe uende kwa watu wasiopungua watatu ambao hawako chini ya mkubwa mmoja: mtunza ghala, mwenyekiti wa bodi, na mjumbe wa kamati ya usimamizi. Kamati ya usimamizi imewekwa na ushirika kwa ajili ya kuwa jicho la wanachama juu ya bodi, na hapa inapata kazi inayoonekana. Namba ya kuzima mfumo igawanywe, kama funguo za kufuli mbili zinavyopaswa kushikwa na watu wawili tofauti. Kumbukumbu za mlango zichapishwe kila mwezi na kubandikwa ofisini pale mwanachama anapoweza kuzisoma, na zihifadhiwe kwa ajili ya wakaguzi wa COASCO.

Mlinzi naye asionewe. Mtu anayelipwa kidogo, tena kwa kuchelewa, akiwa amepewa rungu na kuachwa na mali ya mamilioni, amewekwa kwenye jaribu ambalo chama chenyewe kimeliunda. Kifaa kinaweza kuwa rafiki wa mlinzi mwaminifu. Upungufu unapotokea, yeye ndiye huwa wa kwanza kushikwa, na kumbukumbu inayoonyesha kwamba mlango haukupitwa usiku wa zamu yake ni ushahidi wa kumtoa kwenye lawama. Kila jioni akianza zamu, apite makusudi mbele ya mwale kuhakikisha kifaa kiko hai, na aandike saa. Zoezi hilo huchukua dakika moja.

Gharama ihesabiwe kwa magunia

Mjadala wa gharama katika mikutano ya ushirika mara nyingi huishia kwenye tarakimu ambazo hazimwambii mkulima kitu. Njia bora ni kuihesabu kwa magunia. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba vifaa, ufungaji, betri na matengenezo ya miaka mitano vinafikia Sh6 milioni. Kwa mwaka ni Sh1.2 milioni. Kwa gunia la Sh264,000, hayo ni magunia manne na nusu hivi. Swali la mkutano linakuwa rahisi: je, ghala hili linapoteza zaidi ya magunia matano kwa mwaka kwa njia ambayo kifaa kingeweza kuizuia?

Kwa ghala kuu lenye magunia 12,500, jibu halihitaji mjadala mrefu. Magunia matano ni chini ya nusu ya elfu moja ya mzigo. Kwa ghala la kijijini linalokaa na magunia 250 kwa siku chache kabla ya lori kuja, jibu laweza kuwa hapana. Huko, kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili, taa ya sola, nyasi zilizofyekwa kuzunguka jengo, daftari linalosainiwa na mkulima na karani, na kuharakisha lori ili mzigo usilale wiki mbili, vitaleta faida kubwa kwa fedha ndogo. Vijiji vitatu au vinne vinavyokaribiana vinaweza pia kukubaliana kutumia ghala moja lililolindwa vizuri badala ya kila kimoja kulinda ghala lake kwa kubahatisha.

Chama ambacho hakiwezi kujibu swali la kimepoteza magunia mangapi katika misimu mitatu iliyopita kisinunue kifaa kwanza. Kinunue daftari kwanza. Kifaa hulinganisha kilichotokea na kilichoandikwa, na pasipo maandishi hakuna cha kulinganisha. Manunuzi yenyewe yapitie kwenye makisio yanayoidhinishwa na mkutano mkuu, kwa bei za wauzaji wasiopungua watatu, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya kifaa kujaribiwa mbele ya wajumbe mchana, usiku, na umeme ukiwa umezimwa.

Wenye maduka na stoo ndogo

Wafanyabiashara wadogo wa Masasi na Newala nao wana la kujifunza. Muuza pembejeo anayehifadhi salfa, mwenye mashine ya kukoboa, au anayenunua ufuta, mbaazi na choroko na kuvilaza stooni kabla ya kuviuza, haitaji mfumo wa ghala kuu. Kifaa cha joto la mwili kinachofungwa kwenye kona ya duka, au sumaku ya mlangoni inayotoa ishara mlango ukifunguliwa, kinatosha kwa chumba kimoja. Mwale mmoja unaokatiza mlango wa stoo na kulia kengele ndogo mchana humwarifu mwenye duka aliye mbele kwamba kuna mtu ameingia nyuma.

Jambo la kuzingatia ni lilelile. Mwenye duka anayemwachia kijana wake mali na kusafiri hahitaji kelele nyingi, anahitaji kumbukumbu. Akijua stoo ilifunguliwa mara ngapi na saa ngapi, akalinganisha na daftari la mauzo, atajua biashara inakwenda wapi bila kumshuku asiyehusika.

Hatua iwe kabla ya msimu

Bodi ya stakabadhi za ghala, ambayo ndiyo inayotoa leseni, ina nafasi ya kulifanya jambo hili liwe la kawaida badala ya kuliachia hiari ya kila mwendesha ghala. Ghala linalopokea mamia ya tani za mali ya watu linapaswa kuonyesha, wakati wa kuomba au kuhuisha leseni, kwamba lina mlango mmoja wa kupitishia mzigo, hesabu ya magunia inayojitegemea na mizani, na kumbukumbu ya kufunguliwa kwa mlango ambayo mtunza ghala peke yake hawezi kuifuta. Masharti hayo matatu hayahitaji teknolojia ya ajabu. Vyama vikuu navyo vinaweza kuanza na ghala moja kila wilaya kwa msimu mmoja, vikatoa hesabu hadharani, kisha wakulima waamue wenyewe.

Wanachama wasisubiri Oktoba. Mkutano unaofanyika kabla ya msimu, korosho zikiwa bado maua mitini, ndio wa kuuliza nani anashika funguo, nani anapata ujumbe, na kumbukumbu inasomwa lini. Ukiulizwa Februari, mzigo ukiwa umeondoka na malipo yamekwishakatwa, unakuwa ugomvi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miale ya infraredi haiondoi ukweli wa msemo huo. Inachofanya ni kuupa mlango wa ghala daftari lake wenyewe, lenye saa na dakika. Kazi ya kulifungua daftari hilo na kulisoma mbele ya wenye korosho inabaki kuwa ya wanachama.